Bogenvilia ya majani mabaka: namna ya kuilea mpaka iwe mti mdogo wenye kichwa cha maua

Ukipita barabara ya Bagamoyo asubuhi, pale wauza maua wanapopanga miche yao pembeni, utaziona tu. Zile bogenvilia ambazo majani yake sio kijani chote, yana ukingo wa krimu au njano kama mtu kapitisha brashi ya rangi, na vijani vichanga vya juu kabisa vina wekundu fulani hivi. Hata isipokuwa na ua hata moja bado inapendeza, na ndo maana watu wananunua. Sasa baada ya mwaka na nusu mtu anajikuta ana bogenvilia ya kijani kibichi kama ya jirani yake, anasema nimetapeliwa. Hajatapeliwa bwana. Ameilea vibaya tu.

Najua kwa sababu mi mwenyewe ilinitokea. Ya kwanza kununua niliipanda nyuma ya banda la kuku, na kwa vile mbolea ya kuku ilikuwepo ya bure nikawa naimwagia tu, aisee ikapiga machipukizi marefu kama fimbo za wachungaji, nikawa natamba nayo kwa wageni. Siku mama kaja kutusalimia akaizunguka weee, akauliza "ile ya mabaka uliyoniambia iko wapi?" Nikamwambia si hiyo hapo. Tukaanza kutafuta jani lenye krimu, tukapata kitawi kimoja chini kabisa kina majani manne. Manne! Hicho kitawi nitakirudia huko mbele.

KWANZA UJUE UNALEA NINI

Bogenvilia asili yake Amerika ya Kusini. Mfaransa mmoja mtaalamu wa mimea, Philibert Commerson, aliikuta Rio de Janeiro mwaka 1767 akiwa kwenye msafara wa meli wa Louis Antoine de Bougainville, akaipa jina la bosi wake. Msaidizi wake alikuwa mwanamke, Jeanne Baret, aliyejifanya mwanaume ili apande meli, na ndo anahesabika mwanamke wa kwanza kujulikana kuizunguka dunia yote. Mimi nikipogoa nikachomwa na miiba namkumbuka yule mama zaidi kuliko bosi.

Kile unachokiita ua sio ua. Ile rangi ya pinki, zambarau au chungwa ni vijani vilivyobadilika rangi, huwa vitatu vitatu, na ua lenyewe ni kale kabomba kembamba keupe kaliko katikati. Kwa hiyo huu mmea wote ni mchezo wa majani, na hii ya mabaka imecheza mara mbili.

Sasa sikiliza hapa, maana yote yatakayofuata yanatoka hapa. Ile krimu kwenye jani ni sehemu isiyo na ule ukijani ambao mmea unautumia kupika chakula kwa jua. Yaani jani lenye mabaka ni jiko lenye mafiga mawili. Ndani ya mti mmoja unakuta chembe za aina mbili zimepakana, zenye ukijani na zisizo nao, na ikitokea jicho moja la tawi limetoka upande wa chembe za kijani tupu, chipukizi lake litakuwa kijani tupu. Na hilo linakula vizuri, linakimbia, linawapita wenzake, linawawekea kivuli, na baada ya muda mti wote ni wake. Hamna uchawi wala mbegu feki. Mwenye nguvu kamla mnyonge, basi, na kazi yako wewe mlezi kuanzia kununua mpaka kupogoa ni kukaa upande wa mnyonge.

KUCHAGUA MCHE

Zipo aina kadhaa. Kuna inayoitwa Raspberry Ice, ukingo wa jani ni krimu na ua ni pinki iliyoiva. Kuna Thimma, yenyewe njano iko katikati ya jani na kijani kiko pembeni, halafu maua yake meupe na ya pinki yanatoka mti mmoja, saa nyingine kishada kimoja. Muuzaji anaweza asijue majina haya kabisa, we angalia jani.

Usinunue kwa ua. Ua litadondoka kwenye bajaji kabla hujafika nyumbani. Angalia matawi yote kuanzia chini, kama kuna tawi la kijani tupu limeshaanza ujue linakusubiri wewe ulilishe. Kama unataka kuja kuifanya mti wa shina moja, tafuta mche wenye tawi moja lililonyooka lenye mabaka mpaka ncha, hata kama ni mwembamba na unaonekana wa hovyo. Huo ndo wako. Ule mnene wenye matawi sita ya kupendeza mwachie mwenzio.

Na kuna kitu cha kuchunga sana hasa sisi wa pwani. Sio kila jani la njano ni mabaka. Mmea wenye njaa ya madini ya chuma unatoa majani machanga ya njano yenye mishipa ya kijani, inaonekana kama wavu, na mtu asiyejua anaona "eh hii ya mabaka". Mabaka ya kweli hayafuati mishipa, yanaikata tu yanavyotaka, kingo zake zinaonekana wazi na kila jani lina ramani yake. Ukiona njano imepauka pauka halafu jani limejikunjakunja, hata rangi ingekuwa nzuri vipi achana nayo, hiyo inaweza kuwa na virusi na utavipeleka kwa zile za nyumbani.

Kama ni ya kubebeshwa (zile wanazouza zina rangi tatu nne shina moja), angalia chini ya kovu la kubebeshea. Chipukizi lolote linalotoka chini ya hapo sio la mti uliolipia, ni la shina la chini, la kijani, lenye nguvu za punda. Linyofoe siku hiyo hiyo.

KUZALISHA MWENYEWE KWA VIPANDE

Mbegu sahau, mabaka hayaendi kwa mbegu. Ni kukata tawi tu.

Msimu mzuri kwa Dar na pwani ni mwanzoni mwa masika, mwezi wa 3 hivi, joto bado lipo na hewa ina unyevu. Vuli pia sio mbaya. Kipupwe, mwezi wa 6 mpaka wa 8, usijisumbue, vinakaa tu vinakuangalia. Walioko Arusha au Nairobi ndo kabisa, subirini baridi iishe.

Chagua tawi lililokomaa nusu, sio lile la kijani laini la juu wala gogo la chini, unene uwe kati ya penseli na kidole gumba. Halafu sogeza macho karibu. Kila jani lilipokaa, kwenye kwapa lake pana kijicho. Mara nyingi lile jicho linafuata rangi ya jirani yake, kwa hiyo tafuta sehemu ambayo majani yake yana mabaka ya nusu kwa nusu. Jani likiwa kijani karibu lote, jicho lake litakuletea ukijani. Jani likiwa jeupe karibu lote nalo usilitake, chipukizi lake litatoka zuri kama theluji halafu litakufa njaa maana halina cha kupikia. Mara nyingine hata gome la kitawi kichanga lina mstari wa krimu, ukiupata huo ni dhahabu.

Kata vipande vya sentimeta 15 mpaka 20, kila kimoja kiwe na macho manne au matano. Chini kata mshazari, chini kidogo tu ya jicho, juu kata moja kwa moja. Hiyo sio urembo, ni ili usije ukavichomeka kichwa chini miguu juu, na usicheke, ukishakata vipande 30 vyote vinafanana. Ondoa majani, acha mawili ya juu tena yakate nusu.

Kama una unga wa homoni ya mizizi chovya ncha ya chini, kung'uta unaozidi. Huna? Watu wanatumia shubiri, asali, sijui manjano. Nimejaribu shubiri na asali, kwa macho yangu sikuona tofauti na vile nilivyochomeka hivi hivi, lakini kama inakupa moyo endelea. Kinachofanya kazi ni kisu kikali kilichofutwa na spiriti, na udongo usiotuamisha maji.

Udongo wangu wa viriba (ile mifuko ya kuoteshea miche) ni mchanga mnene wa mtoni sehemu mbili na makumbi ya nazi yaliyosagwa sehemu moja. Samadi usiweke kabisa hatua hii, kipande hakina mdomo wa kulia, kitaoza. Mchanga wa baharini usiguse, una chumvi. Toboa kwanza tundu kwa kijiti ndo uchomeke, ingiza macho mawili au matatu ndani, shindilia na vidole. Mwagilia mara moja, halafu funika na mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga uliosimamishwa na vijiti, au chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako, kila kiriba chupa yake. Weka chini ya mti wenye kivuli chepesi, jua likigonga ile chupa utakuwa umepika.

Sasa mtihani unakuja. Wiki ya pili au ya tatu utaona macho yamefumuka, vijani vidogo vya krimu na wekundu vimetoka, unashangilia, unaita watoto waje kuona. Tulia. Hiyo ni akiba iliyokuwa kwenye kijiti, mizizi bado hamna. Watu wengi hapa ndo wanaua, ama wanafunua na kukianika juani kwa furaha, ama wanakivuta kidogo "nione kama kimeshika" na ule uzi wa kwanza wa mzizi, mweupe, laini kama tambi, unakatika hapo hapo. Usivute. Chungulia matundu ya chini ya kiriba, mizizi ikifika pale itajionyesha yenyewe. Ya kijani inaweza kuwa tayari wiki ya 6, hii ya mabaka mi huipa mpaka wiki 10, na kati ya vipande 10 nikipata 4 nakuwa nimeshinda. Kwa hiyo kata vingi.

Vikishika, fungua hewa kidogo kidogo, leo unatoboa, keshokutwa unainua, wiki ijayo unatoa. Kile kitawi cha majani manne alichokiona mama kilinipa vipande viwili tu, kimoja kikaoza. Kile kingine ndo huu mti ulioko getini kwangu sasa hivi.

Kwa asiye na subira ya vipande kuna kufunga udongo kwenye tawi likiwa bado juu ya mti. Unamenya gome kuzunguka tawi upana wa sentimeta 2 au 3, unakwangua ule utelezi mpaka uone mti mkavu, unafunika na makumbi ya nazi yaliyolowa na kukamuliwa, unafunga na nailoni kama pipi, huku na huku kamba. Miezi miwili au mitatu mizizi inaonekana ndani ya nailoni, unakata chini yake na una mche mkubwa tayari. Uzuri wake tawi linaendelea kulishwa na mama yake muda wote, na kwa hii isiyojiweza kwa chakula ni jambo kubwa. Ubaya unatumia tawi zima kwa mche mmoja.

UDONGO, CHOMBO NA MAHALI

Kwa chungu au ndoo: udongo mwekundu tifutifu sehemu mbili, mchanga mnene sehemu moja, samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza kweli kweli sehemu moja, na ukipata pumba za mpunga zilizochomwa changanya viganja kadhaa. Samadi iliyooza hainuki na haina joto ukiingiza mkono. Toboa matundu ya kutosha chini, mi kwenye ndoo ya lita 20 natoboa 6 kwa msumari wa moto, matatu ya kitako na matatu ya ubavuni pale chini, na naiweka juu ya vipande vya tofali ili maji yatoke.

Na usiipe chombo kikubwa mapema. Bogenvilia inapenda kubanwa, ukiiweka mche mdogo kwenye pipa itatumia mwaka mzima kujaza mizizi na majani, maua utayasikia kwa jirani. Kiriba, halafu ndoo ya lita 10, halafu ya 20, ndo mwendo.

Ardhini, shimo la sentimeta 60 kwa 60 linatosha. Wenye ardhi ya matumbawe, Kigamboni kuna maeneo hayo na Unguja pia, ile chokaa ya ardhini inaufanya mmea ushindwe kuchukua madini ya chuma na majani yanageuka njano ile ya wavu niliyosema. Hapo chimba kubwa zaidi, toa mawe, rudishia udongo mwekundu na mboji nyingi, na ukiona njano imeanza puliza dawa ya madini ya chuma kwenye majani. Shemeji yangu wa huko Kigamboni alikuwa anaisifia njano hiyo mwaka mzima, eti "mabaka yameongezeka"!

Mahali: jua, jua, jua, angalau masaa 6. Kivulini hata mabaka yanafifia na maua hamna. Ila ile krimu haina kinga, kwa hiyo ukuta wa magharibi unaochemka mwezi wa 2 utaibabua, kingo zinakuwa kahawia kama karatasi iliyopitiwa na moto. Nafasi bora ni upande wa mashariki, inapigwa jua kuanzia saa 1 asubuhi mpaka saa 8 hivi mchana, halafu inapumzika. Acha mita moja toka ukutani, na usiipande juu ya njia watoto wanapokimbilia, miiba ile sio ya mchezo. Kwenye baridi kali la barafu ya asubuhi kama Njombe na Makete ilelee kwenye chungu ili uweze kuiingiza ndani.

KUHAMISHA BILA KUIUA

Hapa nakuomba uwe mpole. Mizizi ya bogenvilia ni myembamba na haijashikana na udongo kama ya mwembe, ukiung'oa mche kwenye kiriba kwa kuvuta shina, udongo unabaki na mizizi inabaki, umeshika fimbo. Mwagilia siku moja kabla ili bonge lishikane. Chana kiriba kwa wembe kitako chote kwanza, kiingize shimoni kikiwa bado kimevaa, ndo uchane ubavuni na kuivua taratibu kama unamvua mtoto aliyelala shati. Hamna kukung'uta, hamna "kufungua mizizi". Udongo uishie pale pale ulipokuwa unaishia kwenye kiriba, usizike shina.

Majani yatadondoka wiki ya kwanza. Wacha yadondoke. Usiiongezee maji kwa huruma.

KUIFANYA MTI WA SHINA MOJA

Bogenvilia kwa asili ni mtambaaji, haijui kusimama, wewe ndo unaifundisha. Chomeka fito au muanzi wa mita moja na nusu siku ile ile ya kupanda, maana ukija kuuchomeka baadaye utakata mizizi. Kama kwako kuna mchwa tumia bomba la plastiki au nondo nyembamba, mchwa wakimaliza fito wanahamia.

Chagua tawi moja, lile lenye mabaka mpaka ncha. Mengine yote kata. Inauma najua, ila kata. Lifunge kwenye fito kila baada ya sentimeta 20 kwa vipande vya kanga kuukuu au tyubu ya baiskeli, fundo liwe la namba 8, kitanzi kimoja kwenye fito kimoja kwenye shina, lisinyongwe. Waya usitumie kabisa. Kila miezi miwili legeza, shina linanenepa kimya kimya.

Linavyopanda litatoa vitawi vya pembeni. Usivifute vyote mara moja, hapa wengi wanakosea kwa hii ya mabaka. Shina lisilo na majani halinenepi, na hili halina chakula cha kuchezea, kwa hiyo acha majani yaliyoota moja kwa moja kwenye shina, na vitawi vya pembeni vifupishe tu vibaki na majani mawili matatu ya kulisha shina. Shina likifika unene wa kidole gumba ndo uvifute kuanzia chini kwenda juu, sio siku moja, wiki hii viwili, mwezi ujao viwili.

Likifika urefu unaoutaka, mi napenda mita 1 na sentimeta 20 hivi ili ua liwe usawa wa macho, vunja ncha. Kwa kucha tu inatosha. Baada ya wiki chache yatatoka matawi matatu manne hapo juu. Yakifika sentimeta 15 vunja ncha zake tena. Yatakayotoka hapo vunja tena. Kila ukivunja moja unapata mawili matatu, na baada ya mizunguko minne una kichwa cha duara kilichoshonana. Muda wote huo unanyima maua, mke wangu alikuwa ananiuliza kila wiki hiki kijiti kitatoa ua lini. Toka kipande mpaka kichwa cha maua ilinichukua karibu miaka miwili na nusu. Ya kijani ingechukua mwaka na nusu. Ndo hivyo, jiko la mafiga mawili.

KUWINDA KIJANI

Hii sio hatua, ni tabia. Mimi ni Jumapili asubuhi na kikombe cha chai. Nazunguka mti nikiangalia chipukizi lolote lenye majani ya kijani tupu, na mara nyingi ndo refu kuliko mengine, limesimama wima linajidai. Usilikate ncha. Ukikata ncha umelifanya litoe matawi matatu ya kijani badala ya moja, umelisaidia! Lifuate kwa kidole mpaka lilipoanzia, kata pale kwenye kitako chake, kama limeota kwenye tawi la mabaka shuka mpaka uone jani la mwisho lenye mabaka na ukate juu ya hapo. Likiwa bado changa linyofoe kwa mkono, linatoka na macho yake yote.

Na kinyume chake pia, tawi lililotoka jeupe tupu. Linavutia hilo, watu wanalipiga picha. Likiwa moja liache upige picha, yakiwa mengi yafupishe, yanakula jasho la wenzake.

MAJI, MBOLEA NA KUILETA KWENYE MAUA

Kwenye ndoo ingiza kidole mpaka kifundo cha pili, pakavu ndo unamwagilia, tena mpaka yatoke chini. Kwa Dar kiangazi inaweza kuwa kila siku ya pili au ya tatu, masika hata usiiguse. Ya ardhini ikishapita mwaka mmoja inajitegemea kwa mvua, labda kiangazi kikali uitupie ndoo moja kwa wiki. Njia ya haraka ya kuiua ni kisahani cha maji chini ya chungu.

Kuileta kwenye maua unaibania maji. Unaacha mpaka majani yalegee kidogo, unamwagilia vizuri, unaacha tena, hivyo hivyo wiki tatu nne, utaona ncha zimeanza kubadilika rangi. Zile za kijani unaweza kuzitesa mpaka zidondoshe majani yote. Hii usifike huko, ikilegea asubuhi kabla jua halijawa kali ndo alama ya kumwagilia, ukisubiri zaidi kingo za krimu zinaungua na hazirudi.

Mbolea: achana na ya kuku, achana na CAN na yurea. Naitrojeni nyingi inaleta majani na fimbo ndefu, na kwenye fimbo ndefu ndo kijani kinajificha. Tumia NPK ya 17:17:17, kijiko kimoja cha chai kwa ndoo ya lita 20 kila baada ya wiki 6 hadi 8, nyunyiza pembeni mwa ndoo mbali na shina kwenye udongo uliolowa. Majivu ya kuni kidogo kwa ajili ya potashi ni sawa kwa wenye udongo mwekundu, ila wewe wa matumbawe usiweke, utaongeza chokaa juu ya chokaa.

WADUDU

Sio wengi. Viwavi vya kijani vinakula usiku na kuacha kingo za majani zimeng'atwa ng'atwa, mchana huvioni, toka na tochi saa 3 usiku uvitoe kwa mkono. Vile vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya matawi vifute na pamba yenye spiriti. Vidukari vinaisha na kijiko kimoja cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, au maji ya majani ya mwarobaini, ila puliza jioni jua likishaisha makali. Nilipuliza saa 6 mchana siku moja, zile sehemu za krimu zikatoka madoa ya kahawia majani yote ya juu, nikakaa miezi mitatu nikisubiri mapya.

KUPOGOA KICHWA

Maua yanatoka kwenye matawi mapya, kwa hiyo kila mzunguko wa maua ukiisha kata kila tawi theluthi yake. Mara moja kwa mwaka, mi nafanya mwishoni mwa mwezi wa 2 mvua zikinukia, nakata kwa nguvu zaidi mpaka kichwa kibaki kama ngumi kubwa. Kata juu ya jani lenye mabaka mazuri, maana jicho la chini ya kisu chako ndo tawi lijalo. Vaa glavu nene na shati la mikono mirefu, utomvu wake unawasha ngozi za watu wengine, na linda macho ukiingiza kichwa ndani ya matawi.

Yale matawi uliyokata usiyaburute uani na kuyaacha, mwiba wa bogenvilia ukikauka unapita soli ya ndala bila kubisha hodi. Yakusanye siku ile ile, yaliyo mazuri yenye unene wa penseli na macho ya nusu kwa nusu yatenge kwenye ndoo ya maji kivulini, hayo ndo vipande vyako vya mwezi wa 3, mengine yachome.